Marehemu wa Mlelwa

Kitabu cha historia cha nchi ya Kwetukwao, kile cha jalada la kijani ambacho watoto wa shule hukikariri mpaka povu liwatoke, kinasema kwamba mji wa Mlelwa ulianzishwa na Bwana Shauri wa kwanza, asubuhi moja ya kiangazi, mara baada ya kunywa chai. Kabla ya hapo, kinasema kitabu, hapakuwa na kitu. Palikuwa na watu tu.

Sisi si wabishi wa vitabu. Kilichoandikwa kimeandikwa. Lakini hao watu tu walikuwa na mtama wao, ng'ombe wao na ugomvi wao wa mipaka, na kati yao alikuwamo mtu mmoja aitwaye Lugendo, ambaye hadithi hii ni yake, masikini ya Mungu.

Kazi ya Lugendo ilikuwa kupiga baragumu la misiba. Alilirithi kwa baba yake, pembe ya tandala iliyokuwa nyeusi kwa mafuta ya mikono ya watu waliokwisha kufa. Mtu akifariki pale Mlelwa, Lugendo hupanda kilimani asubuhi na kupuliza, na kila asikiaye huacha alichokishika. Mwenye jembe hulitua. Anayekamua humwacha ng'ombe na maziwa yake. Hata wawili wanaopigana hujifunga shuka zao vizuri wakaongozana. Wakifika kilimani humuuliza, "Nani?" Naye hulitaja jina. Basi moto wa kila nyumba huzimwa, watu hunyoa nywele, hulia mpaka kilio kiishe, na baada ya hapo jina lile halitajwi tena. Aliyetajwa kilimani amekwenda. Hana ruhusa ya kurudi, maana wafu wakizoea kurudi, walio hai watakaa wapi?

Mara moja tu, enzi za babu yake Lugendo, mwindaji mmoja aliyepotea alipigiwa baragumu, kisha akatokea mzima, nyama begani. Watu walimtazama kwa huzuni. Wakamwambia, "Pole, ndugu yetu. Tumeshakulilia." Yule bwana alikuwa mwungwana, akaelewa. Aliitua nyama chini, akavuka mto, akaishi ng'ambo peke yake hadi alipokufa mara ya pili, bila kumsumbua mtu.

Hao ndio watu aliowakuta Bwana Shauri.

*

Alifika na askari, hema, beseni la kuogea lililobebwa na wanaume wanne, na mkalimani wa kutoka pwani aitwaye Feruzi. Kabla hajashuka kwenye machela akauliza, "Chifu yuko wapi?"

"Hatuna," watu wakajibu.

Bwana Shauri akatabasamu, kwa kuwa alikuwa amesoma. Dola Tukufu ya Ng'ambo ilikuwa imemwamuru atawale kwa kupitia machifu, na amri yenyewe ilikuwa na mhuri, kwa hiyo chifu hakuwa na budi kuwapo. Labda ameangukia mahali. Askari wakapekua maghala ya mtama na mazizi. Wakamulika hata ndani ya mzinga wa nyuki, na huko nusura wapofuke, lakini chifu hawakumpata.

Feruzi, ambaye miguu ilimwuma na alitaka tu kuketi, akapata akili. Akawauliza watu, "Hebu niambieni, ni nani hapa kwenu akitoa sauti, wote huacha kazi zao wakaja?"

Watu wa Mlelwa hawasemi uongo mbele ya mgeni. Wote wakamnyooshea kidole Lugendo.

"Mimi?" Lugendo akashtuka. "Mwambie Bwana mimi ni wa misiba tu. Pasipo msiba, mimi si mtu wa kuitwa."

Feruzi akafasiri kila kitu, kwa maana siku hizo alikuwa bado na haya. Bwana Shauri akasikiliza kwa upole.

"Mwambie asihofu," akasema. "Kazi haitakosekana."

Pale pale akamvika joho jekundu lililoshonwa kwa ajili ya mtu mnene zaidi, kisha akapanda juu ya sanduku na kuhutubu. "Enyi watu wa Mlelwa! Mpaka leo mmekuwa mkiishi bila kujua kama mnaishi. Mmekuwa mkifa ovyo ovyo, bila usimamizi. Zama hizo zimekwisha!" Askari wakapiga makofi, na watu, wakidhani ni namna ya wageni ya kufukuza nzi, wakapiga nao.

Lugendo alirudi kwake akikanyaga pindo. Mkewe Nyamizi alikuwa akisonga ugali, akamwangalia toka juu hadi chini.

"Umevaa nini?"

"Ukubwa."

"Hebu uvue, ule. Utaumwagia mchuzi."

*

Serikali ilitaka reli. Reli itoke baharini, ipite Mlelwa, iende mpaka mahali ambapo, kwa maelezo ya Bwana Shauri mwenyewe, ndipo ingeishia. Walihitajika vijana wa kuchimba, na chifu akaambiwa awaite.

Lugendo kwanza alijaribu mdomo. Alizunguka nyumba kwa nyumba na joho lake, akabembeleza. Watu walimkaribisha, wakampa togwa, wakamsikiliza hadi mwisho, wakacheka mbavu ziwaume. Mdomo wa Lugendo haukuwahi kumwita mtu mahali. Bwana Shauri aliposikia kwamba chifu amerudi mikono mitupu, aliamuru alazwe chini, achapwe kiboko. Walimvua joho kwanza, kwa heshima ya serikali.

"Bwana," alisema Lugendo alipoweza kusimama, "nina sauti moja tu ambayo watu wanaitii, nayo ni ya kifo."

"Hiyo hiyo itatosha," akajibu Bwana Shauri.

Basi asubuhi Lugendo akapanda kilimani akapuliza. Wakaja wote. Kina mama walikuja na nyembe mikononi. Wazee walikuja wakijikongoja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulisikia baragumu lile akakaa kitako. Wakasimama mbele yake, wakauliza kama wazazi wao walivyouliza, "Nani?"

Hapo askari wakainuka kwenye nyasi na kuwazunguka.

Bwana Shauri alitaka majina, kwa kuwa si rahisi kumchapa kwa utaratibu mtu asiye na jina. Kwa hiyo Lugendo, mtutu wa bunduki ukiwa mgongoni mwake, akawataja vijana mmoja mmoja, na kila alipomtaja mmoja, mama yake alianguka chini. Kilima kile hakikuwahi kusikia jina likitajwa kwa sababu nyingine. Mabula, kijana aliyeoa majuzi tu, alipotajwa alipiga kelele, "Mimi nipo! Mama, nitazame, mimi nipo!" Lakini mama yake alikuwa ameshajifunika kaniki usoni.

"Waulize wanalia nini," Bwana Shauri akasema.

"Wanasema vijana hawa wamekufa," akafasiri Feruzi.

"Waambie bado."

Vijana wakafungwa kamba shingoni, wakaondoka. Jioni ile moto ukazimwa katika kila nyumba. Ng'washi, mke wa Mabula, alinyolewa nywele akiwa bado ana hina mikononi. Watu walilia kilio chote, hawakupunguza hata kidogo, na Bwana Shauri, aliyekuwa akiwasikiliza toka kwenye beseni lake, alisema kwamba hajapata kuona watu wanaoupenda ujenzi wa reli kiasi kile.

Kilio kilichukua siku kadhaa, na siku zile hakuna aliyelima. Jambo hilo serikali ililiona. Ikatoka amri kwamba baragumu sasa ni mali ya serikali na ni la kazi tu. Ni marufuku kulipiga kwa ajili ya mtu aliyekufa, kwani mtu akishakufa hana haraka. Tangu hapo wazee wa Mlelwa wakawa wanakufa kimya kimya, wanazikwa na wajukuu wao wawili watatu, wengine hawana habari. Lugendo alipopita njiani akiona kaburi linafukiwa udongo na hakusikia kilio, aliinamisha kichwa na kuharakisha.

Mara ya pili baragumu lilipolia, watu walikuja tena. Walijua, ila walikuja, kwa sababu huenda safari hii kuna maiti wa kweli, na ni aibu gani hiyo, kumwacha maiti peke yake? Wakachukuliwa. Mara ya tatu kilima kilibaki kitupu. Mji mzima ulikuwa vichakani.

*

Baada ya mara ile ya tatu, Ng'washi alikuja uani kwa Lugendo. Hakupiga hodi, hakukaa.

"Baba Kasindi," akasema, "hilo baragumu lako halijui njia ya nyumbani kwako?"

Kasindi, mwana wa pekee wa Lugendo, alikuwa pale pale akiwamba ngozi juani. Alikuwa kijana mwenye mzaha mwingi, anayeweza kumwiga Bwana Shauri akioga mpaka wazee wakajisahau. Siku hiyo hakufanya mzaha. Aliweka chini vijiti vyake vya kuwambia.

"Nitakwenda, baba," akasema. "Shemeji amesema kweli."

Ng'washi alipoondoka, Nyamizi akamshika mumewe mkono, akaushika kwa nguvu.

"Aende," akasema. "Hakuna ujanja, aende. Lakini usimpigie."

"Watu watasema nimempendelea."

"Umempendelea, ndiyo! Toka lini kumpendelea mwana ikawa dhambi? Wa wenzetu wameshaliliwa, hata wakirudi hawana pa kurudi. Mimi wangu asitajwe kilimani, Baba Kasindi. Mimi namtaka wa kurudi."

Kasindi akaenda mwenyewe bomani kwa Bwana Shauri, akafungwa kamba. Baragumu halikulia. Katika mji ambao kila nyumba ilikuwa imezima moto wake kwa ajili ya mtu, moto wa Nyamizi uliendelea kuwaka, naye akaulinda masika yote kwa magogo na matambara. Majirani walikuja kuomba makaa kwake, wakayachukua, wakaenda zao bila kumtazama.

*

Mwaka uliofuata wale wa kwanza wakarudi. Si wote. Walikuja wamekonda, migongo imechorwa kwa viboko, wakafika hadi mtoni, wakasimama ng'ambo. Hawakuvuka. Walikuwa watoto waliolelewa vizuri, walijua kwamba wamekufa.

Mji ukasimama upande wa pili. Kina mama waliwaona wana wao, na hakuna aliyejua aweke wapi macho. Ng'washi akamwona Mabula, akaingia majini hadi magotini, akasita.

Lugendo akasema, "Nitapiga tena. Nitawataja mmoja mmoja kama nilivyowataja, nao wavuke waje."

"Hakuna mila hiyo," akasema mzee mmoja.

"Na reli, ilikuwa mila?"

Ng'washi akasema toka majini, "Piga, Baba Kasindi. Nywele zangu zimeota. Na yeye aote."

Watu wakacheka, wakalia, wote kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu alipovikwa joho, Lugendo aliona raha ya kazi yake. Alikwenda akaichukua ile pembe, akaipaka mafuta. Hakufika kilimani. Bwana Shauri alimkuta njiani, na askari.

Ni lazima ieleweke kwamba kufikia wakati huo Bwana Shauri alikuwa mpenzi mkubwa wa mila. Alikusanya vigoda, akakusanya vinyago, aliweza hata kula ugali kwa mkono watu wakitazama. Habari ya baragumu alikwisha kuelezwa na Feruzi, na ilimgusa moyo. Akapanda juu ya sanduku lake.

"Watu wa Mlelwa! Wapo wanaosema kwamba serikali ilikuja kuvunja mila zenu. Uongo! Babu zenu wenye hekima walisema: aliyeliliwa amekufa. Ni neno zuri sana, na nitalilinda kwa bunduki. Hawa ng'ambo ni marehemu. Marehemu hana mke. Marehemu hana shamba. Mashamba yao, kwa kuwa hayana mwenyewe, serikali imeyakabidhi kwa Kampuni ya Pamba, kwa uchungu mkubwa."

"Bwana," akasema Lugendo, "tunataka kuwafufua."

"Kufufua kunahitaji kibali cha Gavana," akajibu Bwana Shauri, "na Gavana yuko likizo."

Feruzi alifasiri akitazama viatu vyake. Yeye naye alikuwa mtoto wa mtu. Ila alikuwa na mshahara, na mshahara una sauti kubwa.

Hivyo wale vijana wakajengewa vibanda ng'ambo ya mto, wakapewa kazi ya kupalilia pamba katika mashamba yaliyokuwa yao. Hawakulipwa, kwani marehemu atanunua nini? Mabula aliweza kulionyesha kila jiwe la mpaka aliloliweka baba yake. Jioni Ng'washi alikuja kuteka maji, akatua mtungi, akakaa akimtazama, na Mabula akamtazama, mpaka mnyapara apige filimbi. Kusalimiana kulikatazwa, kwa heshima ya mila.

Nyamizi aliyaona hayo yote, akaenda kuongeza gogo motoni. Mungu anisamehe, alifurahi kidogo. Wake alikuwa hajatajwa.

*

Habari ililetwa na mpita njia, kijana wa vijiji vya kusini aitwaye Ntobi, aliyekuwa akirudi kwao toka relini, anatembelea gongo. Aliomba maji. Nyamizi akampa uji. Akaunywa nusu, akamtazama.

"Mama, wewe si mama yake Kasindi? Macho ni yale yale."

"Ndiye mimi. Anakuja lini?"

Ntobi akaweka kata chini. Akasema kilima walichokuwa wakikikata kiliporomoka baada ya mvua. Akasema yeye mguu wake ulibaki nje ya udongo, ndiyo maana alionekana akachimbuliwa. Akasema alimtafuta Kasindi kwa mikono, akampata, akamzika kando ya reli, akamwekea mawe ili fisi wasimfukue. "Alikuwa akituchekesha sana, mama," akasema. "Hata asubuhi ile alituchekesha."

Nyamizi hakulia. Kwao hakuna aliaye kabla ya baragumu. Alikaa akiukodolea macho moto wake, na Lugendo, aliyesikia yote akiwa mlangoni, akavaa joho jekundu akaenda bomani. Aliomba jambo moja tu: apige baragumu kwa ajili ya mwanawe, mara moja, kisha wakitaka walichukue.

"Alishapigiwa?" akauliza Bwana Shauri.

"Hapana, Bwana."

"Basi yu hai."

"Amefukiwa na kilima, Bwana. Aliyemzika yuko kwangu sasa hivi."

"Kwa mila zenu, ambaye hajapigiwa hajafa. Si mimi niliyeitunga, Chifu."

"Basi niruhusu nimpigie."

"Kumpigia mtu aliye hai?" Bwana Shauri akashangaa kwa dhati. "Huo ni ukatili." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, akafikiri zaidi. Kama Kasindi yu hai na hayupo kazini, basi ametoroka. Na kama ametoroka, baba yake ndiye wa kumleta. "Nitakupa muda," akasema. "Mimi pia ni mzazi."

Lugendo akavua joho, akalikunja vizuri, akaliacha kizingitini mwa boma. Kulipokucha alipanda kilimani na Nyamizi, akapuliza.

Alipuliza ule mlio wa zamani, mrefu, wa baba yake, ambao hakuwa ameupiga kwa maiti wa kweli tangu wageni waje. Na chini yake mji ukakimbia. Milango ilifunguka, watu wakatoka mbio: wenye watoto mgongoni, wenye wazee mikononi, mmoja na mbuzi ambaye kamba yake ilimnasa miguuni akaanguka akainuka akakimbia. Ng'washi naye alikimbia. Toka kilimani pale Lugendo alizoea kuona nyuso zikimjia, na sasa aliona migongo tu.

"Jamani, ni msiba!" akaita. "Ni msiba wa kweli, jamani! Ni wangu!"

Nani amsikie? Akapuliza tena. Akapuliza mpaka midomo ikachanika, na mji ukawa kimya, hakuna hata mbwa. Nyamizi alikuwa amesimama kando yake na wembe mkononi, akingoja mtu wa kumnyoa.

Ng'ambo ya mto, katika pamba, wale marehemu wakainua vichwa. Hao hawakukimbia. Wakimbie nini, na wao kuchukuliwa kulikwisha kuwapata? Mabula akatua jembe. Mnyapara akapiga filimbi, akapiga kiboko, akapiga kelele kwamba huu ni uasi, na wao wakampita kama mtu anavyopita kisiki njiani. Wakaingia mtoni. Wakavuka. Wakakata mji ule mtupu katikati, kila mmoja akipita mbele ya nyumba yao bila kugeuza shingo, wakapanda kilimani, wakasimama mbele ya Lugendo pale pale waliposimama siku alipowataja.

Mabula akauliza, "Nani?"

Lugendo akafungua kinywa. Mtu aliyewataja wana wa watu wote, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya kufika mbali, sasa jina moja lilimshinda. Akajaribu tena. Damu ikamtiririka kidevuni, na hakikutoka kitu.

Nyamizi akamwangalia mumewe, kisha akawageukia vijana.

"Kasindi," akasema. "Mwanangu Kasindi."

Mabula akauchukua wembe mkononi mwake, akamketisha chini, akaanza kumnyoa.